Gunia 597 hakuziona, akaona tatu tu: patro anaweza kusema aksanti namna gani?

komi_wa_depo
Bandugu ba Lubumbashi na bale beko mbali, niko na swali, ni refu kidogo mutanisamehe.

Miye niko shefu wa depo ya simenti hapa Kampemba, mwezi wa tatu sasa, mbele nilikuwaka magazinye (wa kutunza stoki) tu. Siku patro alinipa hii kazi aliniambia "utunze bantu, ubape moyo", nikamuuliza bajeti ni ngapi, akacheka. Sasa niko na bantu kumi na moja chini yangu na huo moyo sijui nitautosha (nitautoa) wapi.

Yenye inaniuma ni hii. Mwezi wa kwanza kamiyo yetu ilikwama Kasumbalesa siku tatu, ikakuja kufika ku depo saa tatu ya usiku, tani 30, ni kusema gunia 600 za kilo 50, na mvula ya Januari ya hapa kwetu munaijua, haiombake ruhusa. Kuran (umeme) hakuna. Bashi (turubai) ya kamiyo imepasuka ku pembe. Babebaji sita tu. Kati yao kulikuwa muzee mumoja tulikuwa tunamuitaka Vye, alikuwa amefanya pale miaka sita. Huyo Vye alitosha koti yake akafunika gunia za ku pembe, kisha akashika telefone na meno ju imulike mbao yenye banapitia, na yeye gunia iko ku mugongo. Mutu anabeba kilo 50 huku anauma telefone! Tulimaliza saa saba na nusu ya usiku, batu bamelowa sawa samaki.

Asubui patro akafika. Akazunguka, akagusa, akakuta gunia tatu zimelowa chini, zimeanza kushikana. Neno yake ya kwanza, hata mbote hakusema: "Hizi tatu nani atalipa?" Na akakata ku pesa ya usiku ya bale sita. Hakuuliza mulimaliza saa ngapi. Gunia 597 zilikuwa mbele yake kavu kabisa, zimepangwa muzuri, yeye macho iko ku tatu.

Vye alikuja tena siku mbili, ya tatu hakuonekana. Juzi nikamukuta mu Kenya (komini, si inchi), anabeba ku depo ingine. Nikamuuliza, Vye, kule banalipa zaidi? Akasema hapana, ni ile ile. Sasa ju ya nini? Akafikiri kidogo akasema: "Kule siku ya kwanza mwenyewe aliniuliza batoto yangu banasomaka wapi." Njo tu. Akachukua gunia yake akaenda.

Na nikisema kweli yote, hata miye nilikuwa pale ile asubui, niko na kinywa, na sikumuambia Vye aksanti. Nilimuambia "tutaonana kesho". Sasa muniambie, shefu mwenye hana sanduku ya pesa anafanyaka nini ju bantu bajue kazi yao imeonekana?

shofere_wa_barabara
Kaka, mimi nitakujibu kama shofere. Mersi haijazake nyungu. Kitu ya kwanza patro anipe mushahara tarehe yenye tuliandika ku kontra, bila kunifanya niende ku buro yake mara tano kama niko naomba sadaka. Patro anachelewesha pesa wiki tatu halafu siku ya sikukuu anasimama na mikro "nyinyi ni familia yangu". Familia gani hiyo yenye inalalaka njaa mu chumba ingine?

Lakini nitaongeza kitu. Sisi bashofere tunalalaka mu foleni Kasumbalesa, siku mbili, siku tatu, chini ya kamiyo, unapikia ku makala pembeni ya tairi. Patro wote nimefanyia wanapigaka simu kuuliza swali moja: "Uko wapi?" Mumoja tu, miaka yangu yote ya barabara, alipigaka kuuliza "Umekula?" Na kisha simu ikalia, alikuwa ametuma pesa ya chakula. Haikukuwa nyingi. Kamiyo ya huyo mutu niliendeshaka kama ni yangu, hata shimo ndogo nilikuwa nazunguka.

mama_ya_mapacha
Mimi nacheka tu. Kwetu ku kazi bamama tunapewaka kitambaa ya 8 Machi, kila mwaka, tunashona, tunatembea mu mustari, tunapigwa foto. Mwisho wa mwezi unaangalia ku karatasi ya mushahara: kitambaa, imekatwa. Mara mbili, nusu nusu, ju tusilie sana. Na kitambaa yenyewe hatukuchagua, mwaka huu ilikuwa rangi ya mutope.

Na tisheti ya 1 Mei yenye iko na jina ya kampuni ku kifua na ku mugongo, hiyo ni zawadi ama ni publisite yenye inatembea na miguu yangu? Basi bangenilipa mimi.

mutoto_wa_kamalondo
Batu ba hapa tunapenda kusema "zamani bafanyakazi balikuwa banatunzwa". Baba yangu alifanyaka Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na baba yake mbele, wakati ya Union Minière, ile kampuni ya 1906 yenye muji yote huu ulisimama ju yake. Kweli, kulikuwa posho: unga, samaki, mafuta, kufatana na hesabu ya batoto. Nyumba ya kampuni, masomo ya kampuni, lopitali ya kampuni. Ukizaliwa ni kampuni, ukikufa sanduku ni kampuni.

Lakini nilimuulizaka baba, hiyo posho ilikuwa aksanti? Akanikatalia. Akasema posho ilikuwa ju ukuwe na nguvu ya kurudia kesho, sawa vile unatiaka mafuta mu mashini, mashini hauiambie aksanti. Na bale babu walipoomba nyongeza ya mushahara Desemba 1941, jibu ilikuwa risasi za askari ba koloni, pale ku uwanja wa mupira. Posho na risasi zilitoka ku mukono moja. Kisha mwaka 2003 ikakuja ile départ volontaire (kuacha kazi kwa kujitakia), bantu zaidi ya elfu kumi balitoka mara moja na bahasha, na baba yangu mu hesabu.

Sasa mujue kitu gani baba anasimuliaka mpaka leo? Si posho, si nyumba. Wakati yaya yangu wa kwanza alikufa, mbele ya miye kuzaliwa, kapita (musimamizi) wake alitoka Kipushi na kinga (baiskeli) mu mvula, kilometa 30, akafika ku kilio na matope mpaka ku magoti, akakaa chini na bazee mpaka asubui, hakusema maneno mengi. Asubui akapanda kinga akarudia. Baba anajua hata rangi ya shati yenye alikuwa amevaa.

Komi, njo jibu yangu. Shefu mwenye haende ku kilio, hata akupe gunia ya unga kila wiki, bado ni mugeni.

patro_mudogo
Nawasoma tu, sasa niongee na mimi ju hapa kila mutu ni mufanyakazi, patro ni shetani.

Niko na atelye ya sudire, ya kuchoma vyuma, vijana batano. Kuran inaenda saa ile njo nimepokea komande, ninawasha grupe (jenereta), mafuta ya grupe inakula faida yote, anakuja wa kodi huyu, anakuja wa kodi ule. Mwisho wa mwezi kuna mara vijana wamelipwa na mimi mwenyewe naenda nyumbani na mifuko mitupu, bibi yangu ni shahidi. Nani ananiambiaka mersi?

Na kitu ingine, mutanisamehe kusema. Ukimusifu kijana leo, kesho asubui yuko ku mulango anaomba avansi ya mushahara. Nilimuambiaka mumoja "hii mulango umechoma muzuri sana, hata mimi singeweza". Wallahi haikupita saa ishirini na ine: "Patro, sawa vile ulisema nafanya muzuri..." Toka ile siku nafunga kinywa.

mama_ya_mapacha
@patro_mudogo 😂😂 aliomba avansi ju ni siku ya kwanza amekuona unacheka. Alifikiri ni sikukuu. Ungekuwa unamusifu kila wiki asingeshituka hivyo.

shofere_wa_barabara
@patro_mudogo kaka, ile umesema ya kurudi nyumbani mifuko mitupu, vijana bako banajua? Uliwaambiaka? Ju mimi patro akiniambia "mwezi huu ni vile, hesabu ni hii, mimi mwenyewe sikubeba kitu", nitanungunika lakini nitabaki. Yenye inafukuzaka mutu ni kusikia hakuna pesa na jeep mupya iko ku kivuli.

patro_mudogo
Sikuwaambiaka. Mutu anaambia batoto ba kazi shida yake namna gani. Lakini nimekusikia.

nesi_wa_usiku
Mbote kwenu. Niko nesi, sitataja wapi.

Mimi nataka kubaonya ju ya kusifu mbele ya bantu. Kwetu walianzishaka "mufanyakazi wa mwezi", foto ku ukuta pale bagonjwa banalipiaka. Wa kwanza alikuwa kijana wa laboratware, mutoto mupole, kazi yake safi. Haikumaliza wiki mbili batu wakaanza kumuita "mutoto wa direktere". Akiingia, maneno yananyamaza. Komande ya vifaa yenye alikuwa anasaidiwaka kubeba, sasa anabeba peke yake. Akaenda mwenyewe kuomba foto itoshwe. Hebu fikiri, mutu anaomba aksanti irudishwe!

Kisha direktere alibadilishwa, mupya ni mwanamuke. Huyu hana foto, hana diskuru. Lakini usiku mara ingine, saa tisa, ile saa yenye macho inaungua na hakuna mutu wa buro anajuaka kama tunaishi, unasikia viatu mu koridore, ni yeye, ana termosi na mikate. Anakaa dakika kumi. Anauliza kitanda ya saba imelalaje. Na anauliza kwa jina ya mugonjwa, ni kusema asubui alisoma rapore yenye niliandika. Ile rapore nilikuwa naandika miaka mine nikifikiri hakuna mutu anaisomaka! Toka ile usiku naandika na herufi nzuri.

mutoto_wa_kamalondo
@nesi_wa_usiku umegusa pale. Mbele ya bantu ni hatari, lakini kuko namna. Shefu wetu mumoja alikuwa anapigaka simu ku nyumba ya mufanyakazi, anaongea na bibi yake: "Mama, wiki hii bwana wako alituokoa, asipofika mapema leo ni sisi tulimushika." Ukifika nyumbani unakuta bukari (ugali) inakungojea na nyama kubwa ni yako. Hiyo haina bei.

mama_ya_mapacha
Na bibi ndiye anajua sasa uko wapi kweli saa ine ya usiku 😂 shefu huyo ana akili mbili.

karani_wa_sheria
Naona watu wanachanganya vitu viwili. Kuko aksanti na kuko haki. Sheria ya kazi yetu, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mutu akifiwa na bwana ama bibi yake ama ndugu wa karibu wa kwanza kama mutoto ao muzazi, ana siku ine za kazi. Bibi akizaa, bwana ana siku mbili. Kongé ya mwaka ni ya kwako. Matunzo ya lopitali ni juu ya mwenye kazi. Basi patro akikupa zile siku ine halafu anajisifia "nilimuachilia aende ku kilio ya mama yake", hakukupa kitu, alikurudishia kitu yako. Aksanti inaanza ku siku ya tano.

komi_wa_depo
@karani_wa_sheria nimeandika hii mu kaye. "Inaanza ku siku ya tano."

mwana_goma
Jambo wa Lubumbashi, sisi wa Goma tuko tunasoma pia.

Mulijua mabenki yetu yalifunga mwisho wa Januari 2025. Mushahara ilikuwa ku konti na konti haikufunguka, pesa kwa mukono hakukuwa, ikipatikana ku telefone wenye kuitosha walikuwa wanakata asilimia yao, unabaki na nusu roho. Mama mwenye nafanyia, ana biashara ndogo ya vyakula, tuko sita. Alifanya vitu viwili. Asubui mapema alikuwa anapigia kila mutu simu, mumoja mumoja, "muliamkaje, batoto wako wapi", na hakuuliza kazi kabisa zile siku za kwanza. Na alipopata njia ya kututumia pesa, alituma na yale ya kutosha juu yake. Ukienda kutosha unapata mushahara yako muzima, haikupungua hata frangi moja. Mutu anaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi siwezi kumuacha huyu mama, hata kazi ingine ikuje na pesa mara mbili, na si vile sina shida.

shofere_wa_barabara
Mwana Goma, pole sana kaka. Mungu amutunze huyo mama.

patro_mudogo
Pole ndugu yangu wa Goma.

Nirudie ku uzi. Mimi sasa niulize, kuko kado (zawadi) yenye si ya kijinga? Ju niliwahi kujaribu. Mwaka mumoja niliwanunulia vijana batano tikiti ya mechi ya Mazembe, tukaenda wote ku uwanja wao Kamalondo, niko na furaha mimi. Mumoja alikaa mechi nzima mikono imefungwa sawa mutu yuko ku tribinali. Nikakasirika, nikasema huyu hana shukrani.

mutoto_wa_kamalondo
Usiniambie.

patro_mudogo
Ni wa Lupopo, ile timu ingine ya hapa. Baba yake wa Lupopo, babu yake alifanyaka ku shemeni de feri (reli), nyumba nzima ni njano na buluu. Miaka mitatu yuko mu atelye yangu na sikujua.

mama_ya_mapacha
Weeee 😂😂😂😂 ulimulipia mutu tikiti aende kwa adui yake!

nesi_wa_usiku
Lakini pale njo jibu iko, patro. Tikiti haikuwa mubaya, ulinunua mbele ya kujua mutu. Vye wa Komi alienda ju ya mwenye kumuuliza batoto banasomaka wapi. Hakupewa hata mukate.

karani_wa_sheria
Ongeza hapo: na umusifu kwa kitu yenye alifanya. "Munafanya kazi muzuri bote" ni maneno ya diskuru, kila mutu anaisikia na hakuna mutu anaipokea. Lakini "weye ulifunika gunia za pembe na koti yako", hiyo ni ya Vye peke yake, hakuna mwenye anaweza kumunyanganya.

komi_wa_depo
Narudi bandugu, imepita kama wiki tano, nilikuwa kimya ju nilikuwa najaribu.

Kwanza nilinunua kaye ya frangi kidogo, kila jioni naandika jina na kitu. Si hesabu ya makosa, hiyo patro anayo tayari. Naandika "fulani aliona gunia 12 zimepunguka ku bordero (karatasi ya mizigo) mbele ya kamiyo kuondoka". "Fulani alitengeneza baro ya mulango na waya yake". Siku za kwanza nilikosa cha kuandika, nikafikiri bantu bangu ni bavivu, kumbe ni miye nilikuwa sijui kuangalia. Sasa ukurasa haitoshi. Na kesho yake asubui namuambia mwenyewe, pembeni, kisha tunaendelea na kazi. Mumoja aliniuliza kama niko mugonjwa.

Pili, nilienda kwa patro. Sikuenda na nasaha, nani anapea patro nasaha. Nilienda na hesabu: toka Vye aende, gunia zenye kupasuka ku kushusha zimeongezeka, ju alikuwa yeye anapangia bengine mustari. Nikamuonyesha ku karatasi. Akaangalia mara mbili. Nikaomba arudishe ile pesa ya gunia tatu. Akakatala, akasema ikirudi moja zitarudi zote. Sikubishana, mutu anajua mipaka ya patro wake.

Lakini nilimuomba kitu ingine, kamiyo ikikuja usiku, apite tu, dakika kumi, hata asishuke mu gari. Akasema ataona.

Ijumaa iliopita kamiyo ikafika saa mbili ya usiku. Giza, kuran hakuna, mvula ndogo ndogo ya mwisho wa musimu. Tumeanza, telefone ku meno kama kawaida, mara tunaona jeep inaingia. Babebaji bote bakanyamaza. Patro hakushuka. Akageuza gari polepole, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka taa zikapiga sawa sawa ku mbao ya kamiyo, akaacha moteri inazunguka. Mwangaza ikawa mule ndani sawa mchana. Alibaki pale mpaka gunia ya mwisho, karibu masaa mawili na nusu nzima, mafuta inaungua, anaangalia tu. Mwisho akafungua kioo, akauliza "imebaki?", tukasema imeisha, akasema "haya, mulale muzuri", akaenda.

Njo tu alisema. Sasa ni wiki moja, na pale ku depo maneno ni ile ile, mataa ya patro. Kila mumoja anaisimulia kama mwengine hakuwa pale.

@patro_mudogo na weye utuambie kijana wa Lupopo iko namna gani.

patro_mudogo
Nilimupeleka ku mechi yao. Walipoteza. Nilikaa mikono imefungwa, akacheka mpaka akatoka machozi. Na ndiyo, Jumatatu aliomba avansi.

shofere_wa_barabara
Ulimupa?

patro_mudogo
Nusu.

mama_ya_mapacha
Komi, na Vye?

komi_wa_depo
Nilimupitia juzi nyumbani, Katuba, na koti yake, ilibakiaka ku depo imekauka na simenti, bibi yangu alijaribu kuifua haikutoka yote. Nikamuambia ile yenye ningemuambia Januari. Akaishika koti, akaikunja ku magoti, akamuita mutoto alete kiti ingine. Hajasema atarudi. Ameniuliza kama ni kweli ile ya mataa.